Maji Yamepita Jiwe la Baba

Jumatano, 20 Machi

Mimi Chande bin Mrisho wa Ujiji naandika mwenyewe kwa mkono wangu. Shule sikwenda. Nilisoma kisomo cha watu wazima, nikitoka kushona nyavu, na mwalimu alisema hajapata kuona kichwa kama changu. Daftari hili kaniletea Evaline mwaka jana, yule nesi wa Kasulu, mmoja wa wageni wanaolala kwangu wakija kuogelea. Alisema, "Babu, mambo yako yaandike." Nikaliweka juu ya kabati. Leo nimelishusha maana nataka iandikwe kwamba ziwa litarudi, na aliyesema ni mimi.

Watu wa ufukweni wote wanahama. Jirani yangu Yusufu kahama, nyumba yake imezama mpaka madirishani. Waoga tu. Mwaka wa Muungano ziwa lilipanda hivihivi, nami nilikuwa mtoto wa kutosha kuona. Lilipita mpera, likapanda uani, likasimama, likarudi. Baba akachimbia jiwe pale liliposimama. Akasema, "Hapa ndio mwisho wake." Jiwe lipo mpaka leo.

Nyuma ya jiwe la baba ni kaburi la Hidaya, mke wangu. Nyuma ya kaburi ndiyo nyumba. Hidaya aliomba mwenyewe azikwe uani. Alisema, "Nizikeni hapahapa, niwe nasikia unavyowadanganya wageni." Kaka yake Khalfani alitaka akazikwe kwao Buzebazeba. Nikakataa. Nilimwahidi mke wangu kwamba hapa hatoki, na Chande akisema kasema.

Leo maji yapo kwenye jiwe la kufulia.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Maji palepale. Nilisema mimi.

Alhamisi, 28 Machi

Jiwe la kufulia limezama. Safina binti yangu kahamishia beseni karibu na jiko. Kanuna tu, mdomo ule wa mama yake.

Ijumaa, 29 Machi

Wageni wamefika kwa mapumziko ya Pasaka. Evaline, na safari hii kaja na mchumba, jina lake Jonathan, mwalimu wa michezo, mtu wa Moshi. Sauti yake kubwa kuliko mwili. Kaleta mtumbwi wa plastiki wa rangi ya chungwa, mwepesi kama beseni. Kaleta pia miwani ya kuzamia, ile inayofunika pua, na mrija wa kupumulia. Nikamwambia, "Hiyo miwani ya punda ya nini? Mimi nimezama ziwa hili kwa macho makavu tangu babu yako hajaoa."

Akacheka. "Mzee, ukivaa hii utaona mpaka kope za samaki."

"Kope za samaki nazijua. Nimewala."

Mchana mzima walikuwa majini, mimi nimefunga nimekaa kivulini nawatazama. Jonathan akaibuka pale kwenye nyumba ya Yusufu akipiga kelele kama kaokota dhahabu. "Mzee Chande! Kuna samaki wa bluu wanaingia na kutoka dirishani kama wapangaji! Jikoni kuna sufuria, samaki kazalia ndani!"

Nilicheka mpaka funga ikanisumbua. Nikamwambia hicho ni chumba cha Yusufu, apige hodi kabla ya kuingia.

Mtu mwenye kelele namna hii hana akili nyingi. Sijui Evaline kaona nini.

Jumapili, 31 Machi

Maji yameingia chini ya mpera. Kumbe Evaline aliona kabla yangu. Alisimama pale kwenye kaburi, nguo zinamchuruzika, akauliza, "Babu, hapa mtafanyaje?"

Nikasema hapa hapafiki. Nikamwonyesha jiwe la baba. Nikamweleza yote ya mwaka wa Muungano. Akasikiliza vizuri, halafu akaenda kunong'ona na mchumba wake. Walikuwa wamepanga kupanda milimani kutazama ziwa kwa juu. Hawakwenda. Jonathan kashinda anabeba mawe na matofali ya nyumba ya Yusufu, mimi nayapanga, tumejenga ukuta mbele ya kaburi. Ukuta mzuri sana. Sijaona ukuta kama huu Ujiji nzima.

Mgeni kaja kupumzika, kaondoka na malengelenge mikononi. Nilimwambia mikono ya walimu ni ya chaki. Akasema, "Ndiyo hivyo, Mzee wangu," akaendelea kubeba.

Jumatano, 3 Aprili

Khalfani kaja. Khalfani ni fundi cherehani, kazaliwa Ujiji lakini maji anayajua ya kwenye birika tu. Hata salamu haikutulia.

"Shemeji, nimetoka kwa Shehe."

"Umekwenda kunishtaki?"

"Nimekwenda kuuliza. Kasema kwa dharura ya maji inaruhusiwa kumhamisha maiti. Kasema na tusichelewe."

"Shehe anajua kitabu. Ziwa najua mimi."

"Mdogo wangu analala kwenye unyevu, Chande."

"Mke wangu analala alipotaka."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Mke wako ni wako. Mimi nilimbeba mgongoni kabla wewe hujajua jina lake."

Nikamwambia kama anataka kubeba, abebe jembe lake arudi nalo Buzebazeba. Alikuwa kaja na jembe kabisa, kalifunga kwenye baiskeli. Safina akalia. Mimi nikaingia ndani kulala, usingizi haukuja.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Safina kapika pilau. Khalfani hakuja, kamtuma mtoto na sahani ya kaimati. Nimekula zote. Mpera unasimama majini mpaka kiunoni.

Ijumaa, 12 Aprili

Safina kahama na wanawe, wamekwenda Katubuka kwa wifi yake. Alisema, "Baba, twende. Huku wageni watakuja kulala wapi, chumba cha mbele kimepasuka." Nikamwambia wageni wanakuja kuogelea, hawaji kutazama kuta. Akasema, "Mama angekuwepo angekushika mkono." Nikasema mama yupo. Akaenda.

Jumamosi, 13 Aprili

Mpera umeanguka. Haukupiga kelele. Nilitoka kuswali nikaukuta umelala, mizizi juu.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeandika na kufuta. Basi naandika.

Asubuhi nilitoka nikatafuta jiwe la baba sikuliona. Nikafikiri nimekosea mahali. Mimi, nikosee uani kwangu! Nikaingia majini na suruali, nikapapasa kwa mguu. Nikalikuta. Maji yalifika magotini. Nimesimama juu ya jiwe la baba yangu na ziwa linapita kama halikuwekewa kitu hapo.

Baba alikuwa mkweli. Hakuwahi kusema jambo likawa sivyo. Sasa mimi niseme nini? Kwamba baba alidanganya, au kwamba ziwa hili si lile?

Kati ya maji na Hidaya kumebaki ukuta wangu na Jonathan, basi.

Nilikaa mpaka adhuhuri. Halafu nikampigia simu Khalfani. Sikumwambia nimekosea. Nikasema, "Njoo." Alikuja kwa baiskeli, na jembe, na sanda mpya aliyokwisha kuishona, aliiweka tayari sijui tangu lini. Akavua viatu. "Tuanze leo, shemeji. Nimemwacha Shehe anatafuta watu wawili watatu."

Hapo ndipo nikasema subiri.

Naandika kwa nini nilisema hivyo. Hidaya alipofariki ilikuwa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, kwa hiyo vipe vyote, mitumbwi ile ya taa, vinapumzika, na wavuvi wote wanakuwa nchi kavu. Walijaa njia nzima. Jeneza lilipita mikononi mwa watu bila kugusa bega moja mara mbili. Ujiji wanasema mpaka leo. Sasa wavuvi wako majini. Nikamwambia Khalfani, "Simtoi mke wangu kama mwizi, mimi na wewe na wazee wawili wa kikohozi. Tungoje mbalamwezi. Wiki ijayo. Nitakwenda Kibirizi mwenyewe kuwaalika. Atatoka kwa heshima kama alivyoingia."

Khalfani akashika mpini wa jembe. "Maji hayangoji mwezi, Chande."

"Ukuta utashika."

"Leo wapo watu. Watatosha."

"Kwako watatosha. Kwa mke wa Chande hawatoshi."

Akakunja sanda. Akasema, "Jumatano ya wiki ijayo basi. Wewe ndiye mume." Hakuchukua jembe, aliliegemeza kwenye kaburi.

Alhamisi, 18 Aprili

Maji yamegusa ukuta. Ukuta umeshika. Nilimpigia Safina kumwambia umeshika. Alisema, "Haya, baba."

Jumapili, 21 Aprili

Jana.

Jana asubuhi nilikwenda Kibirizi. Kulikuwa kweupe. Vipe vya kwanza vilikuwa vimeshaanza kupumzika, watu wanashona nyavu, wanawake wanaanua dagaa. Walinipokea vizuri, wananijua. "Shikamoo, Kapteni!" Nikaalika watu wa kila chombo. Wakasema watakuja wote. Wakaniwekea kiti, wakaniletea chai, wakataka niwasimulie zile dhoruba za zamani, nikasimulia. Niliona wingu upande wa Kongo. Niliona mwenyewe, nikawaambia vijana, "Hilo halifiki huku." Nikaendelea kusimulia.

Lilifika.

Nilirudi kwa bodaboda kwenye mvua. Tangu njiani nilisikia ziwa. Nilipofika uani hakukuwa na uani. Mawimbi yanapanda mpaka barazani. Ukuta hakuna. Safina alikuwa majini mpaka kiunoni, kashika kanzu ya Khalfani kwa nyuma kwa mikono miwili, anapiga kelele, na Khalfani maji yamemfika kifuani, anachimba. Anachimba majini. Mtu ambaye hajapata kuingia ziwani zaidi ya kutawadha. Kila wimbi likija linamfunika, likiondoka yuko palepale anachimba kwa mikono, maana jembe lilishakwenda.

Tulimtoa mimi na Safina na dereva wa bodaboda. Alipigana nasi. Kucha zilikuwa zimeng'oka. Tulipomlaza barazani alinishika shati akasema, "Niligusa mbao, shemeji. Nilishagusa mbao." Zile mbao za mwanandani, zilizomfunika. "Ningepata mtu mmoja tu wa kushika upande wa pili. Nilishagusa mbao."

Safina kanieleza. Dhoruba ilipoanza alikuja mbio kutoka Katubuka, akakuta ukuta umeachia na mjomba wake keshaanza kuchimba. Walipiga kelele kuita watu. Jirani wote wamehama. Wanaume walikuwa Kibirizi, wananisikiliza mimi.

Siandiki zaidi.

Jumatatu, 22 Aprili

Maji ni matope matupu. Huoni hata mguu wako.

Jumatano, 24 Aprili

Mbalamwezi.

Sikukumbuka kuwaambia wasije. Wakaja. Walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, nasema kweli, wamejaa mpaka barabarani, wa Kibirizi, wa Ujiji, wengine siwajui kabisa. Kanzu safi. Wamebeba jeneza kutoka msikitini. Walipofika uani, wale wa mbele wakasimama, na wa nyuma wakawa bado wanasukuma, hawajui wa mbele wameona nini.

Shehe akasogea mpaka maji yakagusa vidole vyake, akaomba dua, watu wote wakaitikia, mikono wazi kuelekea ziwani. Khalfani mikono yake imefungwa vitambaa, aliiinua hivyohivyo.

Halafu wakaondoka. Wavulana wanne walilichukua jeneza wakalirudisha msikitini. Lilikuwa jepesi, wanatembea haraka. Nilitamani waende polepole.

Ijumaa, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Evaline na Jonathan wamekuja, Safina alikwishawaambia kwa simu. Jonathan hakupiga kelele. Alisema "Shikamoo, Mzee," akakaa chini karibu nami, si kwenye kiti. Akauliza kama azame kutazama. Nikasema matope. Akasema atarudi maji yakitulia.

Mchana wakaja vijana wa mjini, sikukuu, wana spika na soda. Wakaona maji yamefika karibu na baraza, wakafurahi, wakaanza kujirusha. Wanapiga picha. Wanajirusha palepale penye kaburi. Nilitoka na kasia nikawakimbilia. Mmoja akaniambia akiwa majini, anacheka, "Mzee vipi, kwani ziwa la baba'ko?"

Nikashusha kasia. Mimi Chande.

Evaline aliingia majini na nguo zake, akawaendea, akawaambia kitu kwa sauti ndogo. Wakatoka mmoja mmoja. Yule aliyecheka alipita mbele yangu kainamisha kichwa, akasema, "Babu, samahani, hatukujua." Wakazima spika.

Jumapili, 5 Mei

Matope.

Jumanne, 14 Mei

Matope. Khalfani kaja, kakaa, kaondoka. Anauliza swali moja tu. Kama mbao zilishika, au ziwa limemchukua. Anasema akilala anamwona mdogo wake kwenye maji, anatoka nje, anakwenda upande wa Kongo, hana nguo. Nikamwambia asilale chali.

Mimi mwenyewe naona hivyohivyo.

Alhamisi, 30 Mei

Mvua zimekatika. Ziwa limesimama.

Jumatatu, 17 Juni

Idi ya kuchinja. Khalfani hakula. Kakonda, kanzu aliyojishonea mwenyewe inamzunguka. Safina anasema, "Baba, mjomba atatufia kwa lile swali."

Jumamosi, 22 Juni

Maji yametakata mpaka kokoto zinahesabika. Kusi imelala. Jonathan na Evaline walifika jana na miwani yao.

Asubuhi nikamwambia Jonathan, "Nipe ile miwani ya punda."

"Mzee, niache nizame mimi."

"Wewe unamjua mke wangu?"

Alinifunga mkanda kichwani, akanifundisha kuuma mrija, nipumue kwa mdomo. Nilimwambia najua. Sikujua, nilikunywa maji, akanifundisha tena taratibu mbele ya watu wote bila kucheka. Akavaa yake ya pili ashuke nami. Evaline akanifunga kamba kiunoni. Aliyeishika ile kamba ni Khalfani. Aliingia majini mpaka kifuani, kashika kamba kwa vidole vile ambavyo kucha ndiyo kwanza zinaota.

Nikashuka.

Kweli ukivaa ile miwani unaona. Nimevua ziwa hili maisha yangu yote sikuwa nimeliona ndani. Mwanga unafika mpaka chini. Wale samaki wa bluu wapo, wamehamia kwangu. Niliona mawe. Ya ukuta wangu, ya nyumba ya Yusufu, vipande vya saruji, yote yamelala pamoja na yote yameota ukijani, huwezi kujua lipi ni lipi. Nilitafuta ukingo wa kaburi. Nikaona kona ya saruji nikaishika, ikainuka mkononi, kipande tu. Chini yake mchanga. Nikachimba, mchanga. Nikapanda kuvuta pumzi nikashuka tena. Jonathan alikuwa upande wangu anageuza mawe. Hakuna ubao. Hakuna shimo wala kilima. Mchanga umesawazishwa kama mtu kafagia. Nilishuka mpaka kifua kikawaka moto.

Nikaibuka. Khalfani alikuwa kavuta kamba yote, uso wake huu hapa mbele yangu.

"Umemwona?"

Nikavua miwani.

"Yupo," nikasema.

"Mbao?"

"Zimeshika. Ukuta ulimwangukia kwa juu, mawe yote yamemlalia, yamemfunika vizuri. Dhoruba ya namna gani itamtoa pale? Hakuna." Mimi nikianza sijui kuacha. "Na wale samaki wa bluu wanakaa kichwani pake. Wamezaa."

Khalfani akamgeukia Jonathan. Sikuthubutu kumtazama. Yule mtu wa kelele alishuka pamoja nami, aliona nilichoona. Akaitazama miwani yake, akaifuta kwa kidole.

"Ndiyo, Mzee Khalfani," akasema. "Yupo. Ametulia."

Khalfani alianza kulia majini pale, kwa sauti, kama mtoto. Halafu akauliza ni wapi hasa. Nikanyoosha kidole.

Jumapili, 23 Juni

Safina kasema mjomba wake jana usiku kalala mpaka asubuhi. Kaamka kaomba uji.

Jumapili, 30 Juni

Khalfani anakuja kila jioni. Kaleta kiti chake kwa baiskeli kutoka Buzebazeba. Anakiweka barazani kuelekea pale nilipoonyesha, anakaa. Jana alikisogeza kidogo, akaniuliza, "Ni hapa, au zaidi kule?" Nikamwambia hapohapo.

Alhamisi, 11 Julai

Asubuhi nimekuta mstari wa mchanga mbichi barazani, maji yako chini yake. Nimechomeka kijiti.

Jumatatu, 15 Julai

Kijiti kimeachwa nchi kavu. Ziwa linarudi.

Jioni Khalfani kaona. Kashuka kwenye kiti mbio, kasimama kwenye mchanga, ananiita, "Shemeji! Linarudi! Ulisema, Chande, ulisema! Likishuka lote tutamtengenezea kaburi lake upya, mimi na wewe, kwa saruji nzuri!" Hajapata kunisifu tangu nimwoe mdogo wake. Safina anacheka, anasema atarudisha vitanda, wageni waje.

Nikasema, "Nilisema mimi."

Halafu nikaingia ndani nikaswali magharibi, nikakaa kwenye mkeka, nikamwomba Mungu ziwa lisishuke zaidi ya hapo.